Kila Alfajiri Simu Inanikaribisha Zambia

Mara ya kwanza Elizabeti alipochelewa kugonga rimu, watu walicheka. Mara ya pili walinong'ona. Mara ya tatu mtaa mzima ulichelewa naye, na hapo hakuna aliyecheka, maana mtu akishakosa basi la Mbeya kwa ajili yako, utani wote unamwisha.

Rimu yenyewe ilikuwa ya lori, imening'inizwa kwa mnyororo mbele ya kanisa lao dogo, upande ule wa Tunduma ambako ukirusha jiwe kwa nguvu linahitaji pasipoti. Kanisa halikuwa na kengele. Lilikuwa na rimu, nondo ya kuigongea, na Elizabeti. Na kati ya hivyo vitatu, watu waliamini ni Elizabeti peke yake asiyeweza kushika kutu. Kila siku saa kumi na moja alfajiri aligonga, na mtaa ukaamka: waumini kwa ajili ya sala, madereva kwa ajili ya foleni ya mpakani, wanafunzi kwa ajili ya kukwepa viboko. Hata jirani yake Mwamvua, Mwislamu na muuza chapati, alikuwa akisikia rimu anakanda unga, akisikia adhana anaswali.

Nondo ilikuwa inalala nyumbani kwa Elizabeti, nyuma ya mlango wa chumba chake. Ingeachwa kanisani, wanunuzi wa chuma chakavu wangeibatiza jina jingine kabla ya mapambazuko.

Basi siku hiyo ya mara ya tatu, Mzee Damiano, kiongozi wa wazee wa kanisa, alikuja nyumbani na koti lake la Jumapili ingawa ilikuwa Jumanne. Elizabeti alipoliona lile koti akajua hakuja kunywa chai.

"Mama Clement," Damiano alisema, "tumekaa kama wazee wa kanisa."

"Mmekaa. Enhe?"

"Tumeona sasa upumzike."

"Niliwaambia nimechoka?"

"Hapana. Lakini leo umegonga saa kumi na mbili. Felix wa bodaboda alikuwa na abiria wa kuwahi basi, abiria amebaki na tiketi mkononi anaimba nyimbo ambazo hazimo kitabuni."

"Mimi nimegonga saa kumi na moja," alisema Elizabeti. "Simu ilinililia, nikaiangalia kwa macho haya. Kumi na moja."

Damiano akamtazama Clement, mwanaye Elizabeti, aliyekuwa amesimama mlangoni na viatu vya kazini. Clement alikuwa wakala wa forodha, mtu wa kutoa mizigo ya watu mpakani, na uso wake ulikuwa na ule uchovu wa mtu anayebembeleza mihuri kutwa. Aliichukua ile simu, akaiangalia pale sebuleni, kisha akaiangalia ya kwake. Zililingana sawasawa.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "simu ni nzima. Mpe mzee nondo."

Elizabeti alikuwa amezika mume, amezika dada, na wakati wa njaa alilisha wanane kwa debe moja. Lakini kuitoa ile nondo nyuma ya mlango, mbele ya mkwe wake Getruda aliyejifanya anakunja vitenge, kulimwelemea kuliko mizigo yote aliyowahi kubeba. Aliifuta kwanza kwa kanga. Kisha akaitoa.

Kazi akapewa Felix yuleyule. Felix aligonga rimu kama mtu anayetoa tairi lililogoma, bila mapigo, bila pumzi katikati. Mtaa uliamka kweli, lakini uliamka umenuna.

*

Toka siku hiyo nyumba nzima ikaingia katika kazi ya kumpumzisha Elizabeti, na hakuna kazi iliyowahi kufanywa kwa bidii namna ile.

Getruda hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa na roho ya kusaidia mpaka msaidiwa anatafuta pa kukimbilia. Alibandika karatasi kwenye makopo: SUKARI, CHUMVI, MAJANI. Aliondoa kiberiti jikoni. Alianza kuongea na mama mkwe wake kwa sauti ya juu na polepole, kama mtu anayemwelekeza dereva Mkongo.

"Mama. Hii. Ni. Chai."

"Naiona," alisema Elizabeti. "Mimi ndiye niliyekufundisha kuipika."

Alipotaka kuchambua maharage, waliyachukua: macho yataumia. Alipotaka kwenda kikundi cha akina mama, waliona ni mbali. Alipokwenda chooni uani, mjukuu wake Mercy, binti wa kidato cha pili, alitumwa kusimama karibu na kukohoa kidogo ili bibi ajue hayuko peke yake. Walimweka kwenye kochi mbele ya televisheni, tamthilia moja ikiisha inaanza nyingine, na watu wa humo walikuwa wanalia kutwa ndani ya majumba yasiyo na vumbi.

Lakini kichwa cha binadamu si sufuria kwamba ukikiweka kabatini kinabaki kisafi. Wiki zikapita, na Elizabeti akaanza kuona kitu kinalegea humo ndani. Alikuwa akisinzia mchana na usiku anatazama dari. Kuoga akaona usumbufu, nani atamwona. Akamwita Mercy kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Siku moja Getruda alipotoka, akajipikia maharage kwa ubishi, kwa kiberiti cha kuazima, akayasahau mpaka sufuria ikawa nyeusi na moshi ukaita majirani kuliko rimu.

Mwamvua akawa wa kwanza kufika. Alizima jiko, akafungua madirisha, akaketi karibu yake kwenye kochi.

"Shoga, vipi tena?"

Elizabeti akamtazama. Uso aliujua. Chapati zake alizijua, hata joto lake zikiwa zimefungwa gazetini. Jina likagoma kuja. Akalitafuta, akalitafuta, na kadiri alivyolitafuta ndivyo lilivyozidi kujificha.

"Ni moshi tu," akajibu, akashika mkono wa mwenzake ili asiulizwe zaidi.

Jina lilikuja jioni, wakati halina kazi tena. Alilitamka peke yake, taratibu. Mwamvua. Mwamvua. Basi ni kweli, akawaza. Damiano aliona sawa. Na kuanzia hapo, kila kitu alichokuwa na uhakika nacho akawa anakiuliza mara mbili, naye hakuwa na mtu wa kumjibu.

*

Kulikuwa na jambo moja ambalo lilimsumbua, na kosa lake ni kwamba alilisema.

Simu ile ilikuwa ya tachi, zawadi ya Clement aliyotoka nayo Dar es Salaam siku chache kabla ya ile mara ya kwanza. Alipoileta alisema, "Mama, sasa achana na lile saa la kuku." Saa la kuku lilikuwa la ukutani, lenye kuku anayedonoa kila sekunde, lililoning'inia chumbani kwa Elizabeti toka enzi za marehemu mumewe. Clement alilitoa betri, akalitupa stoo pamoja na baba yake wa kwenye picha, kwa sababu fremu ilikuwa imepasuka.

Sasa Elizabeti akiwa amelala, simu ilikuwa inatetemeka kitandani na kuleta maandishi ya Kiingereza. Siku moja alimwonyesha Mercy. Mercy, ambaye mawazo yake yalikuwa kwenye simu yake mwenyewe, akasoma juujuu: "Wanakukaribisha Zambia, Bibi. Matangazo tu hayo."

Asubuhi, wakati Getruda anamwekea chai yake yenye herufi kubwa, Elizabeti akasema kama mtu anayeongea na kikombe:

"Ajabu. Kila alfajiri nakaribishwa Zambia."

Getruda akabaki na birika hewani.

"Unakaribishwa na nani, Mama?"

"Sijui. Nimelala kitandani kwangu, nashtuka, naambiwa karibu Zambia."

Getruda aliweka birika chini, akaenda chumbani, akamwamsha Clement.

"Baba Mercy, mama yako anasafiri usiku."

"Anasafiri na nini?"

"Sasa mimi ndiyo nijue? Watu wa namna hiyo wana usafiri wao. Amesema mwenyewe, kila alfajiri anapokelewa Zambia. Kanisani wakisikia tumekwisha."

Na kanisani walisikia, kwa sababu Getruda alimwambia mtu mmoja tu, ili amwombee. Jumapili iliyofuata benchi la Elizabeti lilikuwa na nafasi kubwa kulia na kushoto, angeweza kulala. Aliimba nyimbo zote bila kitabu, beti zote, na hakuna aliyehesabu hilo kuwa ni akili.

Clement akaamua. Kulikuwa na binamu Isongole, kule Ileje, mwenye nyumba kubwa na uwanja na hewa safi. Mama aende akakae kule. Lakini mama wa watu hahamishwi kama shehena, lazima ndugu waketi. Akampigia simu Zebedayo, mdogo wake Elizabeti, anayeishi Nakonde, ng'ambo ya mpaka.

"Mjomba, Jumamosi saa nne, tukae tuzungumze habari za mama."

"Niko pamoja nanyi, mukwai," alijibu Zebedayo, ambaye kuishi na Wabemba kulimpa adabu za ziada.

*

Jumamosi waliketi uani, chini ya bati la barazani nje ya chumba cha Elizabeti, kwa sababu sebule ilikuwa imejaa mabelo ya vitenge anavyouza Getruda. Damiano alikuja na koti lake. Felix alikuja kwa sababu ndiye aliyemleta Damiano, akabaki kwa sababu aliona chupa ya chai. Mwamvua alikuja bila kualikwa, na chapati, ambazo ndizo zilizokuwa mwaliko wake. Elizabeti walimweka katikati kwenye kiti cha mito, kama bibi harusi.

Saa nne ikafika. Zebedayo hayupo. Wakanywa chai. Wakaongea mvua. Clement akapiga simu, haikupatikana. Chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena, mpaka Damiano akasema waanze tu.

"Mama," Clement alianza, na macho yake yalikuwa kwenye sahani ya chapati, "tumeona Isongole patakufaa. Hewa nzuri."

"Hewa ya hapa imefanya nini?"

"Utapumzika."

"Nimepumzika mpaka makalio yamepata sugu, Clement. Kule kwanza wanaongea Kindali. Kichwa chenyewe ninyi mnasema kimejaa maji, nianze kukiwekea na Kindali?"

Felix akacheka, akajifanya anakohoa.

"Ni kwa ajili yako, Mama Clement," alisema Damiano kwa upole. "Mtu anayepotewa na saa..."

Geti likalia. Zebedayo akaingia, suti ya kijivu, kofia mkononi, mtu aliyeoga na kujipaka mafuta, hana haraka na dunia.

"Mulishani mukwai. Habari za hapa. Mmeanza kula kabla yangu? Na mimi nimewahi kabisa leo."

Watu wote wakacheka, hata Damiano. "Umewahi wapi, mzee? Tumekusubiri saa zima."

"Lakini Clement alisema saa nne."

"Hakusema saa ya huku au ya kule," alisema Mwamvua. "Msameheni, huyu amekuja na saa yake ya Zambia."

"Ah, kosa langu, mjomba," Clement akasema huku akimvutia kiti. "Nilisahau kukwambia saa ya huku. Kaa, kaa, unywe chai."

Likaisha hapo. Tunduma ndivyo ilivyo: Zambia wako nyuma saa moja, kila mtu anajua, na mtu kuchelewa harusi yake kwa sababu hiyo si jambo la kuitia wazee. Wakamimina chai. Wakamsogezea chapati.

Elizabeti peke yake hakucheka. Aliwatazama wanavyomkaribisha ndugu yake, aliyechelewa saa zima na kupewa kiti, na yeye aliyechelewa saa zima na kunyang'anywa nondo. Saa zima. Siyo dakika kumi, siyo nusu saa. Siku zote alizochelewa alichelewa saa zima.

"Zebedayo," akasema, "saa yako inasema saa ngapi?"

Zebedayo akatoa simu yake mfukoni. "Saa nne na dakika tano."

Elizabeti akafungua fundo la kanga, akatoa simu ya tachi, akaiweka mezani pembeni ya simu ya mdogo wake.

"Mercy, nisomee hii."

Mercy akainama. "Saa nne na dakika tano, Bibi."

Hata Felix akaacha kutafuna.

"Haiwezekani," alisema Clement. "Mimi mwenyewe niliiangalia ile siku. Ilikuwa sawa na yangu."

"Uliiangalia wapi?"

"Pale sebuleni."

Elizabeti akainuka kwenye kiti cha mito bila kushikwa na mtu. "Twendeni sebuleni."

Ndipo msafara ukaanza. Mbele Elizabeti ameinua simu kama mtu aliyebeba taa, nyuma Damiano na koti lake, Zebedayo na kofia yake, Mwamvua na chapati yake, wakipita kwa ubavu katikati ya mabelo ya vitenge. Wakasimama kwenye dirisha la upande wa barabarani, wameinamia kioo kama watu wanaosubiri matokeo ya kidato cha nne. Ile saa ikakaa. Ikakaa. Mtu akapumua kwa nguvu. Kisha, bila kuguswa, ikaruka.

"Saa tano na dakika saba," alisoma Mercy.

"Rudini chumbani," aliamuru Elizabeti.

Wakarudi msafara mzima mpaka chumbani kwake, ambako dirisha linatazama ng'ambo. Watu ambao walikuwa wanaogopa kukaa naye benchi moja sasa walijazana juu ya kitanda chake. Wakangoja mpaka Felix akaanza kupiga miayo. Simu ikatetemeka. Mercy akasoma, akaweka mkono mdomoni, halafu akageuza maneno kwa Kiswahili mbele ya wote: karibu Zambia.

"Karibu sana, dada," alisema Zebedayo, akavua kofia.

Felix akapiga paja. "Hii imeachwa ijipangie saa yenyewe! Kule sebuleni inashika mtandao wa huku, huku chumbani inashika mnara wa Nakonde. Hapa Tunduma ukinunua simu kitu cha kwanza unaizima hiyo, hata muuza vocha anajua. Bibi, nani alikununulia?"

Wote walimgeukia Clement, na Clement, mtu wa kupitisha makontena, alikosa pa kupitishia macho yake.

"Nilisahau," akasema. "Niliiwasha Dar. Yangu ilishapangwa zamani. Mama, nilisahau."

"Umesahau," alirudia Elizabeti polepole. "Pole. Tukutafutie nyumba Isongole?"

Wakacheka mpaka kitanda kikalia. Clement alicheka akilia, akauweka mkono wake mdomoni kama alivyokuwa akifanya utotoni. Getruda hakucheka. Alipiga magoti pale mlangoni, mbele ya watu wote.

"Mama, nisamehe. Mimi nilifikiri..."

"Ulifikiri nina ungo. Inuka. Ningekuwa na ungo ningekuwa nakuletea vitenge bila ushuru."

Mambo yangeweza kuishia hapo kwa raha, lakini Elizabeti alikaa kitandani, akawanyamazisha kwa mkono.

"Sikilizeni. Saa ni simu. Sufuria ni mimi. Ile sufuria niliisahau mwenyewe, na Mercy nilimwita jina lisilo lake, na wewe," akamgeukia jirani yake, "siku ya moshi jina lako lilinitoka."

"Nilijua," alisema Mwamvua. "Na mimi lako lilishanitoka mara mbili. Ndiyo maana nakuita shoga."

"Basi. Nina umri, vitu vitadondoka. Lakini mkiniweka kwenye lile kochi vitadondoka vyote, hata vile ambavyo vilikuwa vimeshika vizuri. Nirudishieni maharage yangu. Nirudishieni kiberiti. Na nondo."

Damiano akamtazama Felix. Felix alikuwa ameshatoka nje. Aliichomoa nondo chini ya kiti cha pikipiki, akaileta kwa mikono miwili.

"Bibi, mimi ndiye wa kukushukuru. Mke wangu alisema nikimwamsha tena alfajiri ananirudisha kwetu Mkwajuni na begi langu."

"Nasi tutazungumza kanisani," alisema Damiano. "Mbele ya watu. Nitazungumza mimi."

"Uvae koti," alisema Elizabeti.

*

Clement, kwa kuwa alikuwa na deni la moyoni, bado alimpeleka hospitali. Daktari kijana alimpima presha, akampima masikio, akamwambia ataje wanyama wengi kadiri awezavyo. Elizabeti alianza na wa kufugwa, akaenda kwa wa porini, na alipofika kwenye majina ya ng'ombe wa marehemu baba yake, mmoja mmoja, daktari akaweka kalamu chini. Akasema kusahau kidogo ni kwa umri, wataendelea kumwangalia. Atembee, aongee na watu, aimbe, ale vizuri, alale usiku badala ya mchana. Halafu akamgeukia Clement: "Na msimnyang'anye kazi zake."

"Nimesikia," alisema Clement.

"Mwandikie," alisema Elizabeti. "Huyu anasahau."

Alfajiri ya Jumatatu saa la kuku lilikuwa limerudi ukutani, na betri mpya, na baba yake Clement pembeni ndani ya fremu nzima. Kuku alidonoa saa kumi na moja kasoro. Simu ilisema saa kumi kasoro. Felix alikuwa amejitolea kuirekebisha, lakini Elizabeti alikataa, akasema aiache hivyohivyo, amezoea kukaribishwa.

Alitoka na sweta mbili, maana baridi ya huko haina adabu. Mbele ya rimu aliinua nondo, na mkono ukasimama hewani. Giza lilikuwa zito. Kama kuku naye amekosea? Kama ni yeye?

Kisha kwa Mwamvua taa ikawaka. Mwanamke yule alikuwa ameamka kabla, akasimama dirishani na unga mikononi, anangoja.

Elizabeti akagonga. Pigo, pumzi, pigo, pumzi, mapigo mawili ya haraka, kama zamani. Madirisha yakaanza kuwaka moja baada ya jingine, malori yakaanza kukohoa kwenye foleni, na mahali fulani Getruda akamwita Mercy aamke. Alikuwa bado anagonga simu ilipolia kwenye fundo la kanga.

"Dada," sauti ya Zebedayo ilikuwa imejaa usingizi, "nakusikia mpaka huku. Kwetu bado usiku."

"Basi lala, mdogo wangu," alisema Elizabeti. "Huku kumekucha."